Mfereji wa Masika na wa Kiangazi

Mkulima wa kabichi huko Mgeta akifungua maji kwenye banio, jirani wa chini hayaoni papo hapo. Maji husafiri, na mwendo wake wa masika si ule wa kiangazi. Hapo ndipo vidhibiti vingi vya kujiendesha hushindwa: hurekebishwa kwa mfereji mmoja, kisha msimu unaleta mwingine.

Mwaka 2007 Vicente Feliu-Batlle, Raúl Rivas-Pérez na mwenzao walichapisha njia ya kudhibiti mifereji mikuu ya umwagiliaji ambayo tabia yake hubadilika namna hiyo. Walitumia kidhibiti cha oda ya sehemu.

Kidhibiti cha kawaida cha PID hutazama pengo kati ya kina kinachotakiwa na kilichopo. Hulizidisha, hulijumlisha kadiri muda unavyopita, na hupima kasi ya kubadilika kwake. Mwaka 1999 Igor Podlubny alipendekeza kujumlisha na kupima kasi kuwe na vipeo visivyo lazima kuwa 1. Vinaweza kuwa 0.6 au 0.8, na hicho ndicho kidhibiti cha oda ya sehemu. Vya kurekebisha vikawa vitano badala ya vitatu.

Vipeo hivyo viwili vina kazi kubwa: huusogeza mzunguko wa mrejesho karibu na ule bora. Hendrik Bode alionyesha mwaka 1945 mzunguko bora wa mrejesho: ukiwa na kipeo cha 4/3, awamu yake, yaani kuchelewa kwa mwitiko nyuma ya wimbi linaloingia, ni digrii 120 nyuma kwenye masafa yote, hivyo akiba ya uthabiti ni digrii 60 daima. Nguvu ya mfumo ikiongezeka maradufu, mwitiko unakuwa na kasi mara 1.7 hivi, lakini maji hupita kina kilicholengwa kwa asilimia ileile. Kwa hiyo anayerekebisha huchagua kasi, huchagua akiba, kisha hudai mstari wa awamu uwe tambarare pale kasi hiyo ilipo. Sharti hilo la tatu ndilo ninaloliona kuwa moyo wa kazi yote.

Utambarare huo, hata hivyo, huharibiwa na ucheleweshaji wa maji, kwa sababu awamu yake huzidi kurudi nyuma masafa yanapopanda. Ndiyo maana mwaka 2009 watafiti hao waliunganisha kidhibiti chao na kitabiri cha Otto Smith cha mwaka 1957.

Kuna mtego mwingine kwenye kompyuta. Kipeo cha sehemu hukadiriwa, kwa mfano kwa mbinu ya Alain Oustaloup, ndani ya ukanda maalumu wa masafa tu. Chini ya ukanda huo ujumlishaji hukoma, na kina hubaki pungufu siku nzima. Dawa yake ni kuweka kijumlishi kizima, kisha kukadiria sehemu inayobaki peke yake.

Kwa mfereji mfupi wa mlimani wenye maji yasiyobadilika sana, ningetosheka na PI ya kawaida, yaani PID isiyopima kasi ya kubadilika. Kwa ule unaobeba maji ya Aprili na ya Septemba kwa tofauti kubwa, ningepima kwanza ucheleweshaji wa miezi yote miwili, ndipo nichague kipeo.