Silinda Iliyo Wazi na Silinda Iliyofungwa: Maji Yakitanuka Yaende Wapi?

Maji yakipashwa moto hutanuka, na kila silinda ya kuhifadhi maji ya moto nyumbani hulazimika kuyapatia maji hayo yaliyozidi mahali pa kwenda. Silinda ya lita 200, maji yake yakipanda kutoka nyuzi 10 hadi 60 za Selsiasi, hupata ongezeko la lita 3 hivi, nazo zisipopewa nafasi huweza kukipasua chombo, kwa kuwa maji hayashindiliki. Aina mbili zinazotumika Uingereza, yaani silinda iliyo wazi na silinda iliyofungwa, hutofautiana hasa katika jambo hilo.

Silinda iliyo wazi hulishwa na tangi la maji baridi lililowekwa darini, ambalo hujazwa kupitia vali ya boya na kushusha maji kwa uzito wake yenyewe. Maji yanayotanuka hurudi kuelekea tangini, na kutoka kileleni mwa silinda hupanda bomba la kupumulia, ambalo hupinda juu ya tangi hilohilo likiwa na mdomo wazi, hivi kwamba themostati, yaani kidhibiti cha joto, ikiharibika na maji yakachemka, mvuke hupata njia. Usalama huo, unaotokana na umbo la mtambo lenyewe, hugharimu shinikizo: baa 1 ni sawa na msukumo wa maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10 hivi, kwa hiyo tangi lililo mita 2 juu ya bafu la manyunyu hutoa baa 0.2 tu.

Silinda iliyofungwa, ambayo England na Wales iliruhusiwa kupitia Kanuni za Ujenzi za mwaka 1985, hupokea maji moja kwa moja kutoka bomba kuu la mtaa, kupitia vali inayopunguza shinikizo hadi baa 3 hivi, na ongezeko la maji hupokewa na chombo cha mtanuko, chenye utando wa mpira unaotenga maji na hewa inayoshindilika. Hatari yake ni kwamba chini ya shinikizo hilo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 140, na chombo kikipasuka katika joto hilo, sehemu ya maji hugeuka papo hapo kuwa mvuke, ambao huhitaji nafasi mara 1,600 hivi ya maji yaliyouzaa. Ndiyo maana ulinzi hupangwa kwa ngazi tatu: themostati ya nyuzi 60 hivi, kikata joto, ambacho huzima kipashio karibu na nyuzi 80 na hakiwaki tena mpaka kirudishwe kwa mkono, na vali ya joto na shinikizo, ambayo hufunguka kati ya nyuzi 90 na 95.

Uamuzi, basi, huanzia kwenye bomba la mtaa. Fundi hupima shinikizo na pia wingi wa maji kwa dakika koki zikiwa wazi, kwa sababu bomba jembamba huonyesha shinikizo kubwa likiwa limefungwa, kisha likadhoofika koki mbili zinapofunguliwa pamoja. Isitoshe, maji ya mtaani yakikatika, silinda iliyofungwa hukoma kutoa maji, ilhali iliyo wazi huendelea kulishwa na akiba ya darini. Kwa sababu hiyo nyumba za Dar es Salaam au Nairobi zilizozoea mgao wa maji, ambazo tayari zina tangi juu ya paa, zimekaribia zaidi mfumo ulio wazi.

Jambo la mwisho ni matunzo. Tundu la bomba la kupumulia halina kifaa cha kukwama, lakini vali hukwama na hewa ya chombo cha mtanuko hupungua, kwa hiyo silinda iliyofungwa hukaguliwa kila mwaka na fundi aliyefuzu. Maji yanayotoroka kwenye vali zake hupitishwa katika faneli iliyo wazi ili mwenye nyumba ayaone. Na nyumba ambayo hakuna atakayeitazama faneli hiyo hufaa zaidi ibaki na tangi lake la darini.