"Kipimo" Kimoja, Maana Tano: Uhakiki wa Karatasi ya Maelekezo ya Kisukari

Miongoni mwa maandishi tuliyoletewa tuyakague ni karatasi ya maelekezo kwa wazazi ambao watoto wao wanaugua kisukari cha aina ya kwanza. Imetafsiriwa kutoka Kiingereza. Aliyetuletea ni mwalimu wa Mwankoko, katika Manispaa ya Singida, ambaye mzazi mmoja alimwomba amfafanulie sentensi hii: "Mtoto akiumwa, vipimo viongezwe." Mwalimu hakuwa na hakika ya jibu. Nasi tulipoisoma mara ya kwanza tulikosea.

Mfasiri alikusudia kwamba mtoto apimwe mara nyingi zaidi. Lakini mzazi aliyezoea kusikia "kipimo cha insulini" ana haki ya kuelewa kwamba aongeze dawa. Insulini ikizidi, sukari ya damu hushuka kupita kiasi, na mtoto huweza kuzirai, hata kufa. Kwa hiyo kosa hili si la ufasaha tu.

Katika karatasi hiyo neno "kipimo" limetumika kwa maana tano: kifaa, kitendo cha kupima, tarakimu inayosomwa, kizio cha hesabu, na kiasi cha dawa. Neno lenyewe halina lawama; limebebeshwa mzigo wa wenzake. Maadamu tunacho kipimajoto, yafaa kifaa kiitwe kipimasukari. Kitendo kiitwe upimaji, tarakimu iitwe kiwango, kizio kibaki kizio, na dawa iwe na dozi, neno ambalo wagonjwa wanalo tayari.

Suala la vizio halina budi kutiliwa mkazo. Karatasi inaonya kuhusu sukari inayozidi 14, wala haisemi 14 za nini. Kwa milimoli kwa lita, hicho ni kiwango cha juu. Lakini viko vifaa vinavyosoma kwa miligramu kwa desilita, na huko kiwango hicho hicho huandikwa takriban 250. Mwenye kifaa cha namna hiyo akiifuata 14 ataona mwanawe yu hatarini kila siku, mpaka aache kuiamini karatasi.

Kuhusu ketoni, mfasiri ameandika "asidi ya mafuta". Istilahi hii hatuikubali. Mwili unapokosa insulini hushindwa kuitumia sukari, hivyo huvunja mafuta yake. Ini nalo huzigeuza asidi za mafuta kuwa ketoni. Kilichogeuzwa si kilichopatikana: mkulima wa alizeti wa Singida haziiti mbegu mafuta. Neno ketoni libaki lilivyo, na lifafanuliwe kwa sentensi moja.

Aidha, neno "kiwango" lisiachwe peke yake. Sukari ya 6, kwa milimoli, ni njema. Ketoni za 6 katika damu ni hatari kubwa, kwani kiwango cha kawaida ni chini ya 0.6, kuanzia 1.5 mambo huanza kuharibika, na 3.0 au zaidi mtoto apelekwe hospitali mara moja. Tena, utepe wa mkojo hueleza hali ya saa zilizopita, ilhali damu hueleza hali ya sasa. Karatasi imechanganya yote mawili, ikamwambia mzazi kwamba sukari ikishuka hatari imekwisha. Sivyo: ketoni huweza kubaki juu hata sukari inapokaribia kiwango cha kawaida.

Hatukusudii kumdharau mfasiri. Ameshika vema neno "kisukari" kwa ugonjwa, akaliacha "sukari" kwa kilichomo katika damu, jambo ambalo wengi wetu hatulizingatii tunaposema fulani "ana sukari". Ila mzazi haendi zahanati na kamusi mkononi.

Sentensi ya Mwankoko tungeiandika hivi: "Mtoto akiumwa, apimwe sukari na ketoni mara nyingi zaidi. Asiachishwe insulini hata kama hali chakula. Dozi ibadilishwe kwa ushauri wa mganga." Imekuwa ndefu mara kadhaa, wala hatuoni haya kwa urefu huo.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa afya watuletee maneno yanayotumika kwao kwa mambo haya, pamoja na sentensi walimoyasikia.