Kizuri Kisichouzwa: Tathmini Fupi ya Kamusi Elezo Huru

Methali husema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya sokoni. Haitoshi kueleza hatima ya Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanzishwa katika intaneti mwaka 2003, isiyouzwa wala kubeba matangazo ya biashara. Kisichouzwa hakijiuzi: msomaji wa Thika au Ruiru hukifikia kwa kuelekezwa na mwenziwe.

Hata hivyo, mwelekezaji ana wajibu wa kuhakiki. Kipimo kimoja ni hiki: je, habari za mahali zinaelezwa kwa maneno ya wenye kazi? Ruiru, kwa mfano, imeipa jina aina ya kahawa, Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ambayo hustahimili chulebuni na kutu ya majani. Makala inayoutaja mji huo bila ya kahawa hiyo humpa msomaji jina tupu.

Katika kamusi hiyo makala fupi huitwa “mbegu”. Istilahi hiyo ni muwafaka, kwani mbegu haioti kwa kusifiwa. Maadamu kila msomaji huruhusiwa kuandika, uhakiki usiosahihisha wala kuongeza matini haujakamilika.