Namna prioni ilivyonaswa kwenye maji ya uti wa mgongo

Mtu anaanza kusahau majina ya wanawe. Wiki chache baadaye anayumba akitembea, kisha misuli inamshtukashtuka yenyewe. Ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob humpata mtu mmoja au wawili katika kila watu milioni kwa mwaka, na wengi hufariki kabla mwaka haujaisha. Zamani uhakika ulipatikana kwa kuchunguza kipande cha ubongo, aghalabu baada ya mazishi kupangwa.

Hatua ya kwanza ya kutafuta jibu mgonjwa akiwa hai ilipigwa Marekani mwaka 1986. Michael Harrington na wenzake walitandaza protini za maji ya uti wa mgongo kwenye jeli, wakaona madoa mawili ambayo watu wenye afya hawakuwa nayo. Waliyapa namba tu, 130 na 131. Ilichukua miaka 10 kuyatambua: yalikuwa ya protini iitwayo 14-3-3. (Hata jina hili ni namba tupu, kumbukumbu ya mahali ilipoangukia wakati protini za ubongo zilipochujwa mwaka 1967.)

Udhaifu wa kuipima protini hiyo uko wazi. Protini ya 14-3-3 imejaa ndani ya seli za neva za kila mmoja wetu. Seli zikifa nyingi kwa haraka, humwagika majini. Kiharusi huimwaga, uvimbe wa ubongo unaoletwa na virusi vya hepesi huimwaga pia, na protini ya tau, iliyoongezwa baadaye kwenye vipimo, ina hali hiyohiyo. Madaktari walikuwa wanapima uharibifu, na ugonjwa unapokwenda polepole uharibifu huchelewa kuonekana.

Kilichotakiwa ni kuikamata prioni yenyewe, inayoleta ugonjwa huu. Hiyo ni protini ya mwilini iliyojikunja vibaya, na kila inapoigusa nzima huilazimisha ijikunje vilevile. Lakini majini imo kidogo mno. Hapa ndipo ninapoustaajabia werevu wa Ryuichiro Atarashi na wenzake, waliotangaza kazi yao mwaka 2011: badala ya kuitafuta, waliilisha. Protini nzima hutengenezwa na bakteria maabarani, huwekwa kwenye vishimo vya sahani ya plastiki, kisha hutiwa matone ya maji ya mgonjwa. Sahani hutiwa joto na kutikiswa, hupumzishwa, hutikiswa tena. Prioni ikiwemo, huigeuza protini ile kuwa nyuzi. Mtikiso huzikata nyuzi, na kila kipande huwa mbegu mpya. Rangi ya thioflavini T hung'aa inaposhika nyuzi hizo, na mashine husoma mwanga ukipanda. Kipimo hiki huitwa RT-QuIC. Tangu mwanzo kiliwanasa zaidi ya wagonjwa 80 katika 100, bila kumsingizia asiyeugua.

Tatizo lilikuwa muda, kwani jibu lilichukua siku kadhaa. Mwaka 2015 maabara ya Byron Caughey huko Montana ilitumia protini ya buku aina ya hamsta iliyopunguzwa urefu, ikapandisha joto hadi nyuzi 55. Siku zikawa saa, kati ya 4 na 14, na walionaswa wakafika 95 hivi katika 100.

Mambo ya kuangalia yapo. Damu ikichanganyika na maji wakati wa kuchoma sindano mgongoni huzuia nyuzi kuota, kwa hiyo matone mekundu ya mwanzo yasipelekwe maabara. Na aina ya ugonjwa iliyotokana na nyama ya ng'ombe wenye kichaa, kule Uingereza, kipimo hiki mara nyingi huikosa.

Tiba bado haipo, na jibu chanya ni zito kwa familia. Lakini hulinda wengine, maana prioni hustahimili usafishaji wa kawaida wa vyombo vya upasuaji. Jibu hasi nalo humrudisha daktari kutafuta uvimbe wa ubongo unaotokana na kinga ya mwili kujishambulia. Huo hufanana sana na Creutzfeldt-Jakob, na unatibika ukiwahiwa.