Chupa Tupu na Lebo Zake

Tovuti za watu wanaokusanya mvinyo zilianza kama daftari la stoo. Mwaka 2003 Eric LeVine, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Microsoft, alijitengenezea programu ya kuorodhesha chupa zake mwenyewe. Mwaka 2004 akaifungua kwa umma, ikawa CellarTracker. Maswali yake yalikuwa ya mtu wa stoo: mzalishaji ni nani, zabibu ni za aina gani, zimetoka eneo gani, mavuno ni ya mwaka gani, umenunua kwa bei gani, zimebaki chupa ngapi. Ukishakunywa, chupa inatoka kwenye hesabu. Kisha watumiaji wakaanza kupakia picha za lebo walizopiga wenyewe, na hapo daftari likaanza kuwa kitu kingine. Nataka kukisoma hicho kitu kingine kama tunavyosoma kitabu, kwa sababu naamini kinatuhusu hata sisi tusio na stoo ya mvinyo.

Ninapokisoma nina Nyamwaga kichwani. Ni kata ya Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, kwenye barabara inayotoka Tarime mjini kuelekea Nyamongo kwenye machimbo ya dhahabu na kuendelea hadi Mugumu, Serengeti. Huku tunalima mahindi, ndizi na kahawa; mizabibu hatuna. Kinywaji cha wazee wetu kilikuwa pombe ya nafaka, chungu kimoja na mirija mingi. Chungu hakina lebo. Anayetaka kujua pombe imetoka wapi anamuuliza mama aliyeipika, naye yuko hapo hapo.

Mvinyo, au waini kama wengi wanavyouita, uliingia kwa njia ya sherehe: harusi, kipaimara, kumuaga mwalimu anayestaafu. Na ukiisha, chupa haitupwi. Inaoshwa, inakaushwa, inapanda kwenye kabati la vioo sebuleni, lebo ikimtazama mgeni. Nimekaa katika sebule nyingi za Tarime zenye makabati ya namna hiyo, na sijawahi kuona mtu akiweka humo chupa iliyojaa. Iliyojaa ni kinywaji tu. Iliyoisha ndiyo inayohifadhiwa.

Kwa hiyo pale CellarTracker inapofunga hesabu ya chupa, kabati letu ndipo linapoifungua. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini inabadilisha kazi ya picha ya lebo. Kwa mwenye stoo, picha ni msaada wa kutambua chupa iliyobaki. Kwa mwenye kabati, lebo ndiyo kilichobaki.

Wazungu nao wanajua kwamba lebo inasomwa. Mfano maarufu zaidi ni wa Château Mouton Rothschild, shamba la Bordeaux nchini Ufaransa. Mwaka 1924 walimpa Jean Carlu, mchoraji wa mabango, kazi ya kuwachorea lebo. Tangu 1945 wamekuwa wakitoa lebo yenye kazi ya msanii karibu kila mwaka. Ya 1973 ina mchoro wa Picasso. Ya 1993 ilichorwa na Balthus, naye alichora msichana aliye uchi. Marekani zikazuka lawama, na chupa zilizouzwa huko zikatolewa na lebo yenye nafasi tupu pale penye mchoro.

Sasa fikiria mtu anayejaza fomu ya tovuti. Mzalishaji: Mouton Rothschild. Mavuno: 1993. Fomu imejaa na imeridhika, kwa sababu kwake hiyo ni mvinyo mmoja. Ni picha tu, iliyopigwa na mtu mwenye chupa mkononi, itakayokuonyesha kwamba kuna lebo mbili, na kwamba ile nafasi tupu ni habari: kuna mabishano yaliyotokea kati ya Ufaransa na Marekani kuhusu nini kinaweza kubandikwa kwenye chupa. Maneno ya fomu hayana pa kuiandika habari hiyo. Picha inaibeba bila kuulizwa.

Mtu anaweza kunijibu kwamba lebo hudanganya, na picha ya lebo hudanganya mara mbili. Ni kweli. Rudy Kurniawan alihukumiwa kifungo cha miaka 10 huko New York mwaka 2014 kwa kuuza mvinyo bandia. Nyumbani kwake California polisi walikuta lebo za kughushi kwa wingi. Lakini tukumbuke alivyoanza kunaswa. Mwaka 2008 zilipelekwa mnadani chupa za Clos Saint-Denis za Domaine Ponsot zenye miaka ya kuanzia 1945. Laurent Ponsot mwenyewe akasimama kupinga, kwa sababu familia yake ilikuwa haijaanza kutengeneza mvinyo huo mpaka miaka ya 1980. Lebo zilikuwa nzuri machoni. Zilichokosa ni mtu wa kuzishuhudia. Funzo ninalolipata hapo ni kwamba picha moja safi haithibitishi chochote. Picha nyingi, kutoka mikono mingi, zenye mahali na tarehe, zinaweza kulinganishwa.

Hapa nyumbani tumeshaalikwa kuwa wakaguzi wa chupa. Tangu 2019 Mamlaka ya Mapato inabandika stempu za kielektroniki kwenye vinywaji vikali na mvinyo, na mwenye simu anaweza kuikagua stempu kwa programu ya Hakiki Stempu. Vivino, iliyoanzishwa Denmark mwaka 2010, nayo inakutaka uielekeze kamera kwenye lebo ili ikuambie ni mvinyo gani na wengine wameupa nyota ngapi. Zote mbili zina faida. Lakini zote mbili zinaitumia kamera kama ufunguo: mlango ukifunguka, umepata jibu lako na unaendelea na safari. Mkono ulioshika chupa hauna umuhimu. Ninachokitetea ni picha kama ushahidi, ambayo hata baada ya chupa kutambuliwa bado ina jambo la kusema.

Tuone mvinyo wa Dodoma, ambao ndio wetu. Mizabibu ya kule huvunwa mara mbili kwa mwaka. Fomu za tovuti hizi zimejengwa juu ya kalenda ya Ulaya, ambako zabibu huvunwa mara moja, kwa hiyo mwaka wa mavuno unatosha kuutofautisha mvinyo mmoja na mwingine. Ukija na chupa ya Dodoma, kisanduku cha mwaka kinakuuliza swali ambalo shamba halikulijibu. Na mvinyo mtamu wa bei nafuu, kama Dompo inayopendwa katika sherehe zetu, si wa kukaa miaka 20 stoo ukisubiri kukomaa. Fomu itabaki na mapengo, na msomaji wa mbali ataona kinywaji kisicho na historia. Weka picha na mapengo yanapungua: maneno ya Kiswahili kwenye lebo, stempu ya kodi, onyo la umri, wino wa bei ya muuzaji. Hiyo ni historia, imekosa tu kisanduku.

Ndiyo maana nina ugomvi na desturi inayoelekea kushinda, ya kutaka picha moja nzuri kwa kila mvinyo: iliyonyooka, yenye mwanga sawa, iliyokatwa pembeni hadi ibaki lebo peke yake. Ninaelewa sababu yake. Anayetafuta chupa hataki kuona kidole gumba cha mtu. Lakini picha ya namna hiyo mzalishaji anayo tayari, tena bora kuliko yetu. Kama mchango wa mtumiaji ni kuiga picha ya kiwandani, basi ametoa kazi ya bure na hajaongeza neno. Kidole gumba, kitambaa cha kufuma chini ya chupa, doa la maji kwenye pembe ya lebo, hivyo ndivyo mzalishaji hawezi kuvipiga.

Tumeshawahi kupoteza lebo nyingi kwa mkupuo. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali. Sitetei viroba. Viliuzwa kwa bei ya mwanafunzi, viliingia mfukoni na darasani, na mitaro ilijaa vifuko vitupu. Lakini kwa miaka kadhaa vifuko hivyo vilikuwa miongoni mwa maandishi yaliyosambaa zaidi vijijini, vikifika hata pasipofika gazeti. Vilikuwa na rangi zake, majina yake, ahadi zake. Mtafiti wa kesho atakayetaka kujua vijana wa Tarime waliahidiwa nini kwa fedha kidogo atakuta tangazo la marufuku, maana serikali hutunza matangazo yake. Kifuko chenyewe kilikanyagwa kikaingia matopeni. Hakuna aliyekiona kuwa ni kitu cha kupigwa picha. Kinachokusanywa kwa mapenzi huwa ni kile ambacho mkusanyaji anajivunia, na hapo ndipo tovuti ya mvinyo inapokuwa na upofu: imejengwa na watu wanaojivunia chupa zao.

Bibi yangu alijivunia zake. Alipofariki aliacha chupa saba kwenye kabati lake Nyamwaga. Kwenye kila lebo alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: jina la aliyeolewa au aliyebarikiwa, na tarehe. Kwenye moja aliandika jina la mtoto wake ambaye hakurudi kutoka Mwanza, na tarehe ya sherehe ambayo ilikuwa ya mwisho kwake kuwepo. Jina la mvinyo limefifia lisomeke kwa shida. Jina la mwanawe linasomeka vizuri.

Wakati wa kugawana vyombo, binamu yangu mkubwa alitoa pendekezo la busara: "Wewe ndiye msomi, zipige picha uzitunze kwenye simu, chupa tuziuze." Wanunuzi wa chupa tupu wanapita, na nyumba haina nafasi. Sikuwa na hoja ya kumshinda. Shangazi ndiye aliyeimaliza. Alichukua chupa moja, akafungua kizibo na kutunusisha. Lebo ilisema mvinyo mtamu mwekundu. Ndani mlikuwa na asali, iliyowekwa kwa ajili ya kikohozi cha watoto. "Picha yako itasema nini kuhusu hii?" akauliza.

Ingesema mvinyo mtamu mwekundu. Ndiyo mpaka wa jambo zima ninalolisifu, na mhakiki asiyeutaja mpaka huo anauza bidhaa. Picha inatunza uso wa chupa. Chupa ilivyotumika baada ya hapo inajulikana na watu wa nyumba, na itaandikwa tu ikiwa tovuti itawapa nafasi ya kuiandika chini ya picha, kwa lugha yao na kwa urefu wanaotaka. Mpaka wa pili ni wa ridhaa. Ukipakia picha, kwa kawaida unaipa tovuti ruhusa ya kuitumia itakavyo. Lebo ya kiwandani haiumizi mtu. Lebo yenye jina la mtoto aliyepotea si yangu peke yangu, ni ya ukoo.

Chupa saba tulizibakiza, zipo kwa shangazi. Nimezipiga picha zote, na kwa idhini yake nitapakia sita, pamoja na vidole vyangu na kitambaa cha kabati. Watakaozitazama kutoka Seattle au Copenhagen huenda wakadhani mtu fulani aliharibu lebo kwa kalamu. Nitaandika chini yake kwamba hapo ndipo mkusanyaji alipoweka kumbukumbu zake. Ile ya saba haitapanda mtandaoni. Ikiwa tovuti itaniuliza kwa nini mkusanyiko wangu una pengo, naitajia Mouton ya 1993: nafasi tupu nayo ni habari.