Barua ya Luther kwa Kijana Mwenye Huzuni

Washarika wengi wanamfahamu Dk. Martin Luther kwa hoja zake 95 za mwaka 1517, na kwa Katekisimu Ndogo tuliyoikariri tulipoandaliwa kwa kipaimara. Wachache wanajua kwamba aliandika pia barua nyingi za kuwafariji watu waliolemewa na huzuni. Mojawapo aliiandika mwaka 1530 kwa kijana aitwaye Jerome Weller. Ningependa kila anayetembelea wagonjwa na wafiwa aisome. Ila aisome macho yakiwa wazi, maana si kila lililomo linafaa kuchukuliwa.

Kwanza tutazame hali yenyewe. Weller alikuwa mwanafunzi wa theolojia aliyeishi nyumbani kwa Luther huko Wittenberg, akimfundisha Hans, mtoto wa Luther mwenye umri wa miaka minne. Alikuwa mtu wa kusononeka, na huzuni yake ilikuwa imefika mahali pa kukata tamaa. Luther mwenyewe hakuwa nyumbani. Alikuwa katika ngome ya Coburg, kwa kuwa adhabu ya Kaisari ilimzuia kwenda Augsburg, ambako Ungamo letu lilisomwa tarehe 25 Juni mwaka huo. Mwanzoni mwa mwezi huohuo alikuwa amepokea habari za kifo cha baba yake, akachukua kitabu chake cha Zaburi, akajifungia chumbani kulia. Basi aliyemwandikia Weller mwezi wa Julai hakuwa mtu wa kusimama ng'ambo ya mto na kumpigia kelele anayezama. Yeye mwenyewe alikuwa majini.

Ndiyo maana barua haina karipio. Luther hamwulizi Weller amefanya dhambi gani, wala hapimi imani yake. Anamsimulia jinsi naye alivyosumbuliwa na huzuni alipoingia utawani akiwa kijana, na jinsi mlezi wake, Staupitz, alivyomwambia kwamba jaribu lile lingemfaa siku za mbele. Kisha anampa shauri ambalo wengi wetu tusingelitarajia kutoka kwa mwalimu wa Kanisa: usikae peke yako. Tafuta watu, zungumza nao, cheza, fanya mizaha, cheka. Mawazo mazito yakija, usibishane nayo mwenyewe chumbani, bali ondoka uende walipo wenzako.

Hapo ndipo barua hii inapotugusa. Katika sharika zetu, mtu akisema moyo wake umechoka, mara nyingi anaambiwa aongeze maombi, afunge siku tatu, aende mkesha. Maombi ni mema, na mimi siyapunguzi hata kidogo. Lakini mama ambaye halali usiku tangu alipozika mtoto wake, tukimtuma akakeshe peke yake, tumemrudisha kwenye chumba kilekile ambacho Luther alimwambia Weller akikimbie. Akitoka huko bado ana huzuni, anajihesabu mwenye imani haba, na sasa ana mizigo miwili.

Chuoni naliona jambo hili katika mazoezi ya kuhubiri. Wanafunzi wanapopewa 1 Wafalme 19, huruka kutoka hofu ya Eliya hadi ile sauti ndogo ya utulivu mlimani. Katikati wanaacha usingizi chini ya mti, mkate uliookwa juu ya makaa, gudulia la maji, na malaika aliyemgusa nabii mara mbili ili ale. Eliya alikuwa ameomba afe. Mungu alimlisha kabla ya kumwuliza neno lolote. Hata Bwana Yesu katika Gethsemane aliwachukua watu watatu wakae karibu naye, na aliwaambia wazi kwamba nafsi yake ina huzuni nyingi (Mathayo 26). Walisinzia, ni kweli, lakini aliwataka wawepo. Kama Yeye alitaka wenzake katika saa ile, nani kati yetu atamwita dhaifu msharika anayehitaji mtu wa kuketi naye?

Sasa nije kwenye mambo mawili ya barua hii nisiyokubaliana nayo.

La kwanza ni pombe. Luther anamshauri Weller wakati mwingine anywe zaidi, kwa kumkomoa Ibilisi tu. Najua anatania, na najua kwamba shabaha yake ni dhamiri inayojitesa kwa mambo madogo. Hata hivyo shauri hilo siwezi kulipeleka usharikani. Tumezika vijana walioanza kunywa ili wasahau, na tunazijua nyumba ambazo mshahara huishia kilabuni. Huzuni iliyoloweshwa kwa pombe huamka asubuhi ikiwa na nguvu mpya.

La pili ni kwamba barua inaiona huzuni yote kuwa kazi ya Ibilisi. Mgonjwa wa sonona akisikia hivyo bila maelezo, atadhani amepagawa. Familia yake itamzungusha kutoka mwombeaji mmoja hadi mwingine, huku siku zinapita na hospitali inasubiri. Lakini hapa Luther anasahihishwa na Luther. Mwaka 1527, akiandika juu ya tauni, alifundisha kwamba dawa zimetoka kwa Mungu, na kwamba anayekataa kuzitumia anamjaribu Mungu. Tunavyompeleka mtu wa malaria hospitali bila kuona haya, ndivyo tumpeleke aliyekosa usingizi na hamu ya kuishi. Na anayesema anataka kufa asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

Tukishayaondoa hayo mawili, barua inabaki na nguvu, na inalingana na Katekisimu tuliyoikariri. Kumbukeni maelezo ya ombi la nne katika Sala ya Bwana. Katika mkate wa kila siku, Luther anahesabu chakula na mavazi, na anahesabu pia mwenzi mwema wa ndoa, marafiki wema na majirani waaminifu. Rafiki amewekwa kwenye orodha moja na ugali! Kumbukeni pia sala ya jioni: ukishaomba, unaagizwa ulale mara moja kwa furaha. Kulala kumekuwa sehemu ya ibada, kwa sababu anayelala anakiri kwamba dunia inashikwa na Mungu, si na yeye.

Barua yenyewe haiishii kwenye mizaha. Mwishoni Luther anamfundisha Weller namna ya kujibu mashtaka ya Ibilisi: akubali kwamba anastahili hukumu, kisha aseme kwamba yupo aliyeteswa na kulipa kwa ajili yake, Yesu Kristo. Neno hilo ni gumu kujiambia mwenyewe usiku wa manane. Linahitaji kinywa cha mtu mwingine, na ndiyo sababu moja ya Kristo kutuweka katika usharika.

Ndugu msomaji, wakati wa matanga nyumba hujaa watu. Wiki tatu baadaye mfiwa huachiwa viti vitupu. Nenda wakati huo. Chukua chakula, kaa, mwache aseme au anyamaze, na mkicheka msione haya. Kabla hujaondoka, omba pamoja naye, kwa maneno machache, ili apate kulala.