Mhakiki wa Filamu na Heshima ya Kusema Kweli

Filamu ya nyumbani ina maadui wawili. Wa kwanza ni dharau: mtu anaona jina la Kiswahili kwenye bango, anageuza uso na kutafuta ya Hollywood. Wa pili ni huruma, na huyu ni hatari zaidi kwa sababu huja akitabasamu: "Wamejitahidi, tuwaunge mkono." Mwenye dharau haitazami filamu, na mwenye huruma naye haitazami. Anayeitazama ni mhakiki, na kwa hilo tu kazi yake inastahili sifa kubwa kuliko inayopewa.

Maoni kila mtu anayo. Ndani ya kibanda umiza hukumu hutoka kabla picha haijaisha: steringi mkali, adui kazingua, mwisho haueleweki. Siwabezi wanaosema hivyo, maana wametazama filamu nyingi na jicho lao limekomaa. Lakini kazi ya mhakiki huanzia pale hukumu hiyo inapoishia. Yeye hujiuliza: nimeona nini hata nikasema hivi? Kama filamu inachosha, inachosha wapi? Je, mazungumzo yanarudia jambo ambalo picha imekwisha kulisema? Je, muziki unalia kabla mwigizaji hajapata nafasi ya kulia? Anayejibu maswali hayo humsaidia mtazamaji, na humsaidia zaidi mtengenezaji anayejiandaa kwa filamu inayofuata.

Chukua Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyooneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi: Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin anaikimbia ndoa aliyochaguliwa, kisha anakutana na Denge, kijana wa harakati za kupinga ukoloni. Msomaji aliyeipenda riwaya ataingia akitafuta kila kisa na kila safari, na atatoka na malalamiko. Mhakiki humwomba atazame upya. Shivji hakukusudia kuihamisha riwaya nzima. Amechagua usiku, vichochoro vya Mji Mkongwe, sauti ya taarab, na uso wa msichana anayejifunza kwamba uhuru wake na uhuru wa nchi ni jambo moja. Kwa uchaguzi huo filamu imefaulu sana; ni nadra picha zetu kuuamini ukimya kiasi hiki. Lakini kweli isemwe yote: wenzake Denge katika harakati wanabaki kama vivuli. Tunaambiwa kuna hatari, ila hatuwajui vya kutosha walio hatarini hata tuwahofie. Sifa na kasoro zinakaa pamoja, na haipasi moja imezwe na nyingine.

Kila aina ya filamu ina mtego wake, na mhakiki mzuri huujua kabla hajanasa. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka Kenya mwaka 2018, inamhusu Jo, msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona, anayetamani kuwa shujaa kama wale wa sinema. Kijiji kizima kinaungana kumwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu. Mtego uko wazi: mtoto anayekufa humliza yeyote, hata filamu ikiwa mbovu. Kwa hiyo swali la haki si kama tulilia. Ni kama machozi yale yalifanyiwa kazi. Jibu langu ni ndiyo, na ushahidi ni mama yake Jo. Amemtoa mtoto hospitali na anataka kumfungia nyumbani, alale, alindwe. Mwix, dada mkubwa, anataka mtoto aishi siku zilizobaki. Wote wawili wanampenda, na wote wawili wana haki. Ugomvi wao ndio uti wa mgongo wa filamu, ndio unaoizuia isigeuke kuwa maombolezo matupu.

Kwenye filamu ya hali halisi mtego ni mwingine: kumsifu mhusika tukadhani tumeisifu filamu. Softie ya Sam Soko, ya mwaka 2020, inamfuata Boniface Mwangi, mpigapicha aliyegeuka mwanaharakati, akigombea ubunge wa Starehe mwaka 2017. Ni rahisi kuandika kwamba mtu huyu ni jasiri, na ni kweli. Ila ujasiri huo ni wake, si wa filamu. Ufundi wa filamu uko katika uhariri, ambao ulipewa tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la Sundance. Kila maandamano yanapopamba moto, picha inaturudisha kwa Njeri, mkewe, na watoto wao. Taratibu swali linageuka. Tulianza tukiuliza kama Boniface atashinda; tunamaliza tukiuliza nani analipa gharama ya mtu kuitanguliza nchi mbele ya nyumba yake.

Kazi hii haina utukufu mwingi. Mhakiki akisifu, huambiwa kahongwa. Akikosoa, huambiwa ana wivu. Wengi huiandika bila malipo yoyote, huku kurasa za burudani zikijaa ndoa na talaka za waigizaji. Wahariri, wapeni wahakiki nafasi na ujira wao. Watengenezaji, msiwachukie wanaowaambia palipopinda, kwa sababu hao ndio waliokaa mpaka mwisho wakawaangalieni kwa makini.

Nawe msomaji, ukimaliza filamu leo usiku, usiseme tu kwamba ni nzuri au mbaya. Taja tukio moja lililokufanya useme hivyo. Filamu zetu hazihitaji huruma. Zinahitaji watu wanaozitazama sawasawa na kusema walichokiona.